Redio Tatu za Baba

Baba yangu alikuwa na utaratibu wake wa kuamini habari, na kwa miaka mingi sikujua kwamba kuna utaratibu mwingine. Tulipokuwa wakimbizi Tanzania, katika makazi yaliyokuwa mbali na ziwa, alikuwa na redio moja ya betri ambayo antena yake ilikatika ikaungwa kwa waya. Kila jioni aliizungusha. Alianza na redio ya nyumbani, kwa Kirundi. Akafuata redio ya pale tulipokuwa, kwa Kiswahili. Akamaliza na redio ya ng'ambo, iliyosema Kiswahili kizuri kuliko chetu sote na kusikika kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Habari iliyosemwa na redio moja aliiacha ipite. Iliyosemwa na mbili aliizungumza na majirani. Iliyosemwa na zote tatu aliifanyia kazi.

"Zimesema tatu," alikuwa akisema, na mama aliinuka kukunja mikeka hata kabla ya kujua ni habari gani.

Ndivyo tulivyorudi. Redio tatu zilisema nyumbani kumetulia, waliokimbia wanapokewa na wanarudishiwa mashamba yao. Tulipofika Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, tulipokewa kweli. Shamba la babu lilikuwa na michikichi mirefu iliyopandwa na watu wengine, na watu hao walikuwa wakiishi humo na watoto waliozaliwa humo. Baada ya maneno mengi tuligawana. Baba hakuzilaumu redio. Alisema hazikudanganya, ila hazikusema yote. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza darasa la saba huko tulikotoka, na niliona amesema sawa. Kiswahili hiki ninachoandika ndicho nilichofundishwa darasani. Kirundi ninakisema, Kifaransa ninakiacha kwa watu wa ofisini.

Nimeanza na hayo kwa sababu utaratibu wa baba uliingia katika msiba wangu, na bila kuufahamu huwezi kuelewa kwa nini watu wenye akili zao walikaa chini siku ambazo walitakiwa kuwa ziwani.

Mume wangu alikuwa mvuvi wa ndagala, yaani dagaa wa ziwani. Wavuvi wa huku huunganisha mitumbwi miwili kwa miti, wavu ukakaa katikati, na taa zikaning'inizwa juu ya maji ili samaki wazifuate. Mwezi ukiwa mkubwa hawatoki, maana ndagala hawajali taa kukiwa na mwanga. Chombo kilikuwa cha tajiri mmoja wa mjini. Walikifanyia kazi watu watatu: mume wangu, kijana mmoja wa Kigwena ambaye sikumfahamu sana, na mtu mmoja wa Minago mwenye mvi kwenye ndevu ambaye kazi yake ilikuwa taa. Mimi nilikuwa nikinunua ndagala wabichi asubuhi na kuwaanika kwenye vichanja pamoja na wanawake wengine. Mume wangu alipofika ufukoni sikuwa na upendeleo. Nilipanga bei naye kama na wengine, na watu walicheka.

Ilikuwa kiangazi, wakati upepo wa kusini unapokuja bila kubisha hodi. Jioni walipotoka ziwa lilikuwa limelala. Asubuhi vyombo vilirudi kimoja kimoja, vingine bila taa, vingine nyavu zimechanika. Chao hakikurudi. Nilikuwa nimekwisha kununua ndagala wa mtu mwingine na nilikuwa nawaanika. Niliendelea kuwaanika mpaka wakaisha, kwa sababu wangeoza.

Tajiri alitoa chombo chenye mashine kwenda kutafuta. Petroli miaka hii ni taabu kubwa hapa. Inapatikana kidumu kwa kidumu, kwa watu ambao hawaulizwi wameitoa wapi.

"Esanse hii niliiweka kwa ajili ya msiba wangu mwenyewe," tajiri alimwambia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akimkabidhi kidumu. "Ukiimwaga, nitakufa kusudi unilipe."

Walikwenda kusini, upande wa Kigwena, kwa sababu mtu mmoja ufukoni alisema amesikia kwamba chombo kimeonekana huko kimepinduka. Mwingine alisema ameambiwa ni Gitaza, ambako ni kaskazini, lakini aliyesema Kigwena alisema kwa sauti kubwa zaidi. Walirudi na ndoo ya plastiki. Tuliipitisha mkono kwa mkono. Hakuna aliyeweza kuapa ni ya nani.

Kesho yake tulikuwa kwenye ua wa mama mkwe wangu, mchana, redio ikiwa wazi. Sauti ilisoma kwamba wavuvi watatu wa Rumonge wamekufa maji baada ya chombo chao kuzama karibu na Kigwena. Ilikuwa sauti ya kawaida. Baada ya hapo ilisoma habari ya daraja. Mama mkwe alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye majani ya mihogo aliyokuwa akiyachambua.

Jioni baba alikuja kutoka kwake na simu mkononi. Siku hizi redio yake iko ndani ya simu.

"Na redio ya pili imesema," aliniambia polepole. "Watatu. Kigwena."

Redio ya ng'ambo iliisema asubuhi iliyofuata, sentensi moja, kati ya vita vya watu wengine na matokeo ya mpira. Baba alizima simu akaifunga ndani ya kitambaa chake. Hakuniangalia.

"Mwanangu," alisema, "zimesema tatu."

Hapo msiba ukaanza. Moto uliwashwa uani, wanaume wakaketi kuuzunguka, wanawake wakaja na unga na mawese. Wenzetu Waislamu wa mtaa wa mjini walikuja na mikeka yao, watu wa kanisani wakaja na nyimbo. Kila aliyeingia alisema "Mwihangane," yaani vumilieni, na sisi tulijibu "Murakoze," yaani asanteni, na mimi niliwekwa kwenye mkeka ndani ya nyumba, uso kwa ukuta, kama inavyofanyika. Nyumba ikiwa na msiba, wa nyumba hiyo hawashiki jembe wala hawaendi ziwani. Na mvuvi akifa maji, ufuko mzima hupumzika naye. Vyombo vilivutwa juu ya mchanga. Tajiri alileta mfuko wa mchele, akatoa pole, akaondoka na petroli iliyokuwa imebaki.

Wavuvi wote walikaa nasi, wakubwa kwa wadogo, kwa heshima. Na kwa sababu ya heshima hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja ziwani.

Picha pia ilikuja. Ilipita kwenye simu za watu: chombo kilichopinduka, maji ya rangi ya udongo, watu wamesimama kando. Kilikuwa mtumbwi mmoja mrefu uliopakwa rangi ya buluu, hauna miti, hauna pacha wake. Kila mtu ufukoni aliona kwamba hicho si chombo cha ndagala. Watoto waliona. Mwanamke aliyeketi karibu nami alisema, "Hiki si chao," halafu akamtumia dada yake aliye Bujumbura. Nilimuuliza kwa nini ameituma.

"Ili aone," alisema.

"Aone nini?"

"Aone msiba, jamani. Wewe nawe!"

Hata mimi nilikuwa nimeiangalia zaidi ya mara moja.

Aliyenitoa mkekani ni mke wa yule mtu wa taa. Alifika kutoka Minago kwa pikipiki, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda shamba. Hakulia alipoingia. Alisalimia, akasimama katikati ya ua, akauliza:

"Wamezikwa wapi?"

Watu walitazamana.

"Mumeambiwa wamekufa," alisema. "Aliyewatoa kwenye maji amewaweka wapi? Nimekuja kumuchukua wangu."

Wanaume walimtazama baba, kwa kuwa alikuwa ndiye mwenye redio. Baba alijikohoza.

"Redio haikusema," alijibu.

Niliwasikia kupitia dirisha. Sikuwa na matumaini, na napenda hilo lieleweke, kwa sababu baadaye watu walisema moyo wangu ulikataa, kwamba mke huhisi. Sikuhisi chochote. Niliona tu kwamba mtu akisema fulani amekufa, lazima kuna aliyemwona amekufa, na nilitaka kuzungumza na huyo aliyemwona. Niliinuka nikajifunga khanga.

"Unaenda wapi?" Mama mkwe alinishika mkono. "Mujane hatoki inje!"

"Naenda kumuuliza aliyesema."

"Aliyesema ni redio! Utaingia ndani ya redio?"

"Redio ina mtu, mama. Anakaa hapa hapa."

"Watu watasema nini?"

"Watasema, mama. Hata sasa wanasema."

Aliniachia. Nadhani alikuwa amechoka.

Mwandishi wa ile redio ya kwanza alikuwa kijana wa mjini kwetu aliyesoma darasa moja na shemeji. Nilimkuta kando ya barabara, kwenye kibanda wanakochaji simu kwa umeme wa jua, amesimama kwenye foleni kama watu wengine. Aliponiona alivua kofia.

"Mama, mwihangane sana."

"Murakoze. Nani aliwaona?"

"Kina nani?"

"Mume wangu na wenzake. Umesema wamekufa. Aliyewaona nataka kumuuliza kama mume wangu alikuwa na shati."

Sijui kwa nini nilitaja shati. Alitoka na shati la mikono mirefu, la kijani, nililolishona kiwiko.

Kijana aliitazama simu yake iliyokuwa imezimika. "Mama, ile habari ilithibitishwa na familia."

"Familia gani?"

"Yenu. Shemeji yako alinipigia."

"Akasema aliwaona?"

Alifikiri. Namsifu kwa hilo, maana angeweza kuniambia nirudi nyumbani. "Aliniuliza," alisema. "Aliniambia, 'Nasikia watatu wamekufa maji Kigwena, ni kweli?' Mimi nikampa pole."

"Alikuuliza, nawe ukamjibu pole?"

"Mama, wewe unajua watu wetu."

Nilijua. Kwetu habari ya kifo haisemwi uso kwa uso. Anayeileta huja na swali. Husimama mlangoni akauliza, "Mmesikia ya kwa fulani?" na kwa swali hilo unajua fulani hayupo. Kijana huyu alikuwa amepigiwa simu na watu wa misiba mara nyingi, na wote walianza kwa kuuliza. Hakuwahi kupigiwa na mtu wa msiba aliyekuwa akiuliza kweli.

"Na redio ya pili?" niliuliza.

"Walinipigia mimi."

"Na ya ng'ambo?"

"Hao huchukua kwa hao wa pili. Mara nyingi."

"Na picha?"

"Picha si yangu! Mimi pia nilitumiwa." Aliivaa kofia, akaivua tena. "Lakini mama, kama hawakufa, wako wapi?"

"Sijui," nilisema. "Nawe hujui."

"Sijui," alisema.

Nilirudi kwa miguu. Kwenye ua shemeji alikuwa ameketi kwenye moto, macho mekundu, amejifunika koti la kaka yake. Nilimuuliza mbele ya wote, kwa sababu kama ningemwita pembeni wangesema tuna siri.

"Shemeji, wakati unampigia yule rafiki yako wa redio, ulikuwa unajua wamekufa?"

"Mimi? Mimi nilikuwa namuuliza! Watu wa redio si ndio wanajua? Nilimuuliza, ni kweli? Kesho yake redio ikasema ni kweli."

"Redio ilisema maneno yako wewe."

Hakuelewa mara moja. Nilieleza tena, taratibu, simu kwa simu, redio kwa redio, kama alivyonieleza kijana. Nilipofika kwenye redio ya ng'ambo, baba alikuwa ameshikilia kijinga cha moto bila kukiweka.

"Kwa hiyo zile tatu," alisema.

"Ni moja, baba."

"Na hiyo moja?"

"Ni huyu."

Baba alimtazama shemeji kwa muda, kuanzia miguuni kupanda juu, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. "Nimepanda lori na watoto wangu," alisema, "nimerudi nchini kwa kusikiliza redio tatu. Kumbe yawezekana nilikuwa nasikiliza mtoto kama huyu."

Mtu mmoja alicheka, akaziba mdomo. Kisha wengine wakacheka, kicheko kile cha msibani ambacho watu hukiona aibu. Shemeji naye alicheka huku machozi yakimtoka. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa amesikia yote, naye alielewa kabla ya wengine kile tulichokuwa tunamwomba.

Ili vyombo viingie majini, msiba ulipaswa kusimama. Wavuvi wasingetoka huku moto unawaka kwa mama wa mwenzao. Na mwenye kusimamisha msiba ni aliyefiwa mkubwa, yaani yeye.

"Munataka nizime moto," alisema.

Alisogea mpaka kando ya moto.

"Nimeshamulia mutoto wangu. Nimemaliza. Sasa munataka niache, musafiri, murudi na maiti, nianze tena? Munataka nimulie mara mbili?"

Alikuwa anasema kweli. Mimi nilikuwa na hamu ya kujua, na yeye ndiye angelipa kwa hamu hiyo.

Mke wa mtu wa taa ndiye aliyesogea. "Mama," alisema, "huyu wako umemulia. Wangu mimi sijamulia hata machozi moja. Nasubiri kumuona. Zima moto kwa ajili yangu."

Mama mkwe alimwangalia mwanamke huyo ambaye hakuwahi kumwona kabla ya siku ile. Alikwenda jikoni akarudi na maji ya kuoshea vyombo, akayamwaga juu ya moto. Moshi ulitupata sote. "Haya," alisema. "Ondokeni kwangu. Wanaume wazima munakota moto mchana!"

Ufukoni watu walianza kubishana waende wapi. Mmoja alisema Kigwena tena, wamalizie walikoishia. Hapo mwingine akauliza, Kigwena tumeitoa wapi? Waliifuata Kigwena nyuma mtu kwa mtu, na haikuwa na mwenyewe. Aliyeisema kwanza alisema naye alisikia.

"Basi tunajua nini?" mtu aliuliza.

Walijua upepo. Upepo ulitoka kusini usiku mzima na siku iliyofuata. Kitu kinachoelea hakiwezi kwenda Kigwena kwa upepo huo. Hakuna aliyekuwa mgeni wa jambo hili, kila mmoja wao angeweza kulisema siku ya kwanza. Lakini siku ya kwanza kulikuwa na habari, na habari ilikaa mahali pa kufikiri.

Petroli ilichangwa, huyu kikombe, huyu chupa. Tajiri alisema hana, akaapa, halafu akaleta. Yule kijana wa redio alikuja na kidumu kidogo amekifunika kwa koti. Aliulizwa na shemeji amekitoa wapi.

"Usiniulize wewe," alisema. "Wewe ukiniuliza kitu watu wanakufa."

Walikwenda kaskazini na magharibi, wakavuka hadi upande wa Kongo. Sehemu hii sikuiona, nasimulia nilivyoambiwa na watu wawili waliokuwa ndani ya chombo, na walinieleza kila mmoja peke yake. Walipita kambi za wavuvi moja baada ya nyingine wakiuliza. Katika kambi moja isiyokuwa na mtandao walioneshwa mtu amelala chini ya turubai, ana homa, ngozi ya mabega imebanduka kwa jua. Alikuwa ni mtu wa taa. Wenyeji walikuwa wakimlisha uji. Walisema wamemwokota akiwa amefungwa kwenye mti, na kwamba alikuwa peke yake.

Walipofika naye Rumonge mkewe alimpiga kofi kwanza, kisha akambeba mgongoni kama mtoto, mtu mwenye ndevu, kutoka kwenye maji mpaka mchanga mkavu. Hilo nililiona mwenyewe.

Aliposhiba na kulala alikuja kwa mama mkwe, akiwa ameshikiliwa huku na huku. Alieleza. Upepo uliwapindua. Kijana wa Kigwena hakuonekana tena tangu pale pale. Yeye na mume wangu walishika mti mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, wakazungumza muda mrefu. Nilimuuliza walizungumza nini. Alisema mume wangu alikuwa akimtukana tajiri kwa sababu ya miti mibovu. Niliamini hapo, maana nilimjua.

"Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi," alisema. "Akavua shati, akanifunga mkono nalo kwenye mti. Nikasinzia. Nilipofungua macho kulikuwa kumekucha na mti ulikuwa wangu peke yangu."

Kwenye kifundo cha mkono alikuwa bado na kipande cha kijani. Hakukitoa, nami sikukiomba.

Basi moto uliwashwa mara ya pili, mama mkwe akalia mara ya pili, kama alivyoogopa, nami nikarudi mkekani. Kijana wa redio alikuja akaketi na wanaume. Hakutoa simu mpaka nilipomwita.

"Sema hivi," nilimwambia. "Mmoja amepatikana mzima upande wa Kongo. Wawili hawajaonekana. Aliyesema haya ni huyo mmoja. Usiongeze."

Aliandika, akanisomea, ikasomwa mchana wa kesho yake. Redio ya pili haikurekebisha. Ya ng'ambo haikurekebisha, nami siilaumu sana, ina dunia nzima. Ndiyo maana ufukoni yule mtu wa taa hana jina lingine siku hizi. "Marehemu, shika kamba!" "Marehemu, lete chumvi!" "Nyie mwogopeni, huyu hata redio za ng'ambo zinajua amekufa!" Yeye anaitika. Anasema mtu aliyekwisha kutangazwa hadaiwi, na watu wanamjibu kwamba wao wanadai mpaka kaburini.

Kuna jambo moja nimelifikiria sana, wakati wa kuanika. Habari ile ya kwanza, kwa upande wa mume wangu, ilikuwa sahihi. Huenda saa ile inasomwa alikuwa amekwisha kufa. Shemeji huniambia hivyo akitaka kujitetea: redio haikukosea watatu, ilikosea mmoja tu. Simkatalii. Lakini aliyesema hakujua. Angesema vile vile kama wote watatu wangekuwa wazima. Na kwa sababu tuliichukua kama habari ya mtu anayejua, mtu mmoja alikuwa akifa kwa homa chini ya turubai wakati sisi tunakula wali wa matanga yake.

Baba bado anasikiliza. Mtangazaji akisema jambo, baba anaiuliza simu, kwa sauti, "Aliyeona ni nani?" Simu inaendelea na yake. Mama analalamika kwamba sasa hasikii habari hata moja hadi mwisho. Mimi ninasikiliza redio kama wengine. Wakisema "imeelezwa kwamba" nasubiri waseme na nani, na wasiposema naiacha ipite, kama baba alivyoacha habari ya redio moja. Wakisema "hatujapata uhakika" nasogea karibu. Sina zaidi ya hapo, na siwezi kusema kwamba nimewahi kukingwa na uongo. Picha ya chombo cha buluu bado iko kwenye simu yangu. Nilijaribu kuifuta, nikaona ndiyo picha pekee ya siku zile.

Ilipofika siku ya kumaliza msiba, watu walikusanyika kwa mama mkwe, pombe ikaletwa, na Marehemu akaombwa asimame aeleze, kwa sababu kuna ndugu waliotoka mbali ambao hawakuwa wamesikia. Alisimama. Alieleza upepo, mti, matusi juu ya tajiri, na tajiri alikuwepo, akatikisa kichwa. Alieleza shati. Kisha akataka kuketi.

Mmoja wa wale ndugu wa mbali akasema, "Basi hapo ndugu yetu akazama."

"Hapo sijui," Marehemu alisema. "Nilikuwa nimesinzia."

"Si alizama? Angeenda wapi?"

"Sikuona, muzee wangu. Nikisema niliona nitakuwa nimedanganya."

Watu walianza kunong'ona. Wengine walitaka amalizie, siku ya kumaliza msiba inataka mwisho, na maneno mawili tu yangetosha. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa amekaa kwenye kiti walichompa, mikono magotini, na nilijua kama angetaka mwisho angepewa, hata na mimi.

"Muacheni," alisema. Akamgeukia Marehemu. "Hapo hujui?"

"Sijui, mama."

"Basi rudi pale unapojua. Anza tena kwenye shati."

Naye akaanza tena kwenye shati.